Deni la Nyuma ya Mlango

Bwana afya alinionyesha mara moja tu:
dawa kwa kifuniko, maji kwa ndoo,
glavu za kufika kiwikoni.
Akasema, usifagie kavu.
Anza palipo safi, malizia palipo pachafu.
Paka, ngoja dakika kumi, ndipo ufute.
Kisha pikipiki yake ikashuka kuelekea Mpondwe,
maana kipindupindu hakikuja kwetu peke yetu.

Palipo safi.
Nilizunguka chumba nikipatafuta.
Ithungu angejua, lakini Ithungu yuko hemani Bwera,
nyuma ya kamba nyekundu,
dripu ikimdondokea
kama bati letu nililoahidi kuziba.

Basi nikaanza na dirisha.
Miaka tisa katika nyumba hii
na sikujua kwamba kitasa cha dirisha ni kamba ya kiatu changu,
kile kiatu nilichomtuhumu mtoto kukipoteza.

Shuka nilizichemsha hadi mvuke ukanilisha machozi,
au nikasingizia mvuke.
Godoro nikalifuta pande zote, nikaliegemeza juani,
doa lake likiitazama barabara.
Nikaligeuza.
Doa lilikuwa pande zote mbili.

Dakika kumi ni ndefu, ndugu zangu.
Sina saa. Nilizihesabu kwa redio ya ng'ambo ya ua:
tangazo la mabati, bei ya kahawa,
tangazo la mabati tena.
Sakafu imelowa, mimi nimesimama mlangoni
kama mgeni asiyekaribishwa,
klorini ikinikwaruza koo.

Watu walipita upande wa pili wa njia.
Kabugho alijiziba pua kwa ncha ya kitenge.
Mama Mbusa alisalimia, ila salamu
aliitupa kwa mbali, kama mtu anayemrushia mbwa mfupa.
Sikuwalaumu. Juzi nami nilipita hivyo
mbele ya nyumba ya fundi baiskeli.

Mlango niliuacha mwisho.
Mchana kutwa huwa wazi, mgongo wake ukutani,
na usiku nani ana mafuta ya kuutazama?
Nikaufunga ili niusugue kwa ndani.
Hapo nikaona mwandiko wake, kwa mkaa:

*Mama Mbusa, chumvi vikombe 2.*
*Kabugho, mia tano, ya daftari.*
*Mwl. Bwambale, mayai 6. Kasema Ijumaa.*

Na chini kabisa, karibu na bawaba,
*Masereka, 12.*

Masereka ni mimi.

Kumi na mbili za nini?
Si shilingi, angeandika shilingi.
Siku? Makofi hapana, Mungu shahidi, sijawahi.
Ahadi?
Nilianza kuzihesabu kwa vidole vya mpira:
bati. Sufuria yenye kifuniko chake.
Choo chenye mlango.
Kuchemsha maji ya kunywa mwenyewe, siku za mvua,
kuni zikiwa zimelowa na yeye ana homa.
Hiyo ya nne niliishikilia kwa muda.
Redio ilikwisha imba, ikasoma habari, ikaimba tena.

Nikapaka dawa juu ya majina yote.
Mkaa ulitiririka mweusi hadi kizingitini.
Nilikuwa nimeyakariri.

Asubuhi, kando ya njia, juu ya jani la mgomba,
mayai sita. Hakuna mtu.
Ilikuwa Jumatano.

Amerudi leo, na cheti mkononi,
shingo nyembamba, macho yale yale.
Amesimama katikati ya chumba, akanusa.
"Hapa kwa nani?"
Akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango.
"Masereka. Madeni yangu."

Nikamsomea kwa kichwa: chumvi, daftari.
Mwalimu amelipa.
"Na wewe?"
"Kumi na mbili," nikasema. "Lakini za nini, Ithungu?"

Hakujibu. Aliinama jikoni, akapumzika,
akainama tena, akaokota kipande cha mkaa.
Birika langu la maji lilikuwa linatokota.
Alilitazama,
akaegemea mlango uliotakata, akaandika polepole,
mkono ukitetemeka:

*Masereka, 11.*